Pesa zetu za Ramadhani tunataka kuwapelekea yatima wa Rohingya, je yafaa na tupitishie wapi?

BintiKisauni

Assalam alaykum ndugu zangu. Naomba mnisaidie kimawazo manake hapa kwetu tumegawanyika na mimi ndio mweka hazina, simu yangu haipoi tangu asubuhi.

Sisi ni kina mama 42 wa darsa ya Alhamisi huku Kisauni. Ramadhani nzima kila mtu alikuwa akitia kwenye kibubu alichojaaliwa, mwengine mia mwengine elfu, kuna bibi yetu mmoja muuza mahamri alileta sarafu amezifunga kwenye ncha ya leso akasema nihesabu mwenyewe yeye hataki kujua ni ngapi. Jana tumevunja tumehesabu, ni 214,000. Katika hizo 60,000 wenyewe walisema wazi kuwa ni zaka, zilizobaki ni sadaka tu.

Sasa nia yetu tangu mwanzo ilikuwa ni watoto yatima wa Rohingya, wale Waislamu wa Burma (Myanmar) waliokimbilia kambi za Bangladesh. Mwalimu wetu alitusomesha habari zao, vile walivyonyimwa uraia kwao Burma kwa sheria ya 1982, vile vijiji vyao vilivyochomwa, watu walilia darsani. Lakini juzi mmoja katika sisi amesema zaka haitoki mjini, ikitoka haijaswihi, na mwengine akasema mbona kwetu hapa kuna mayatima wanalala njaa. Alafu kuna video imetumwa kwenye grupu, mtoto yuwalia yuko kwenye matope, chini pameandikwa nambari ya M-Pesa ya mtu, ati tuma hapa itafika kambini leo leo. Kuna wanaotaka nitume sasa hivi. Mimi moyo unasita, sio kwa ubahili, ni amana za watu hizi, nitaulizwa mimi.

Kwa hivyo naulizia, zaka hii yafaa kwenda huko? Na kama yafaa tupitishie kwa nani? Na je ni bora tununue chakula kiende mara moja au tumchukue mtoto tumlipie matunzo kila mwezi, hii wanayoita kafala? Mwenye kujua kwa hakika anijibu tafadhali, nataka niwapelekee jibu Alhamisi.

Dereva_Makadara

Dada nambari ya M-Pesa ya mtu usiyemjua usitume hata shilingi kumi. Video ile huenda ni ya kweli na mtoto ni wa kweli, mwenye nambari ndiye hatumjui.

Na mimi naungana na huyo mama wa pili, kambi ya wakimbizi ya Dadaab iko hapo Garissa tangu 1991, mbona twaruka bahari?

IbnMuheza

Wa alaykumus salaam warahmatullah. Suala la zaka kutoka mji lina maneno marefu lakini ntajaribu kulifupisha na nyinyi mkahakikishe kwa mashekhe wenu wa hapo Mombasa.

Sisi watu wa pwani wengi tumesomeshwa fikihi ya Imam Shafi na kauli iliyo mashuhuri kwetu ni kwamba zaka inagawiwa pale pale ilipo mali, madamu wenye haki wapo. Dalili inayoletwa ni hadithi ya Muadh alipotumwa Yemen na Mtume swalla Llahu alayhi wa sallam, kwamba zaka inachukuliwa kwa matajiri wao na inarudishwa kwa mafukara wao. Wapo wanazuoni wengine, na Mahanafi, wanaofuata fikihi ya Imam Abu Hanifa, wamelisema hili wazi, wanaoona inafaa kuihamisha ikiwa kule unakoipeleka kuna shida kubwa zaidi au kuna jamaa zako. Kwa hivyo aliyesema haitoki hakukosea na anayetaka kuipeleka pia ana wa kumtegemea, msigombane kwa hilo.

Ila tenganisha mafungu mawili ulionayo. Ile 60,000 ina watu wake wa aina nane waliotajwa kwenye Suratu Tawba aya ya 60, huwezi kuifanyia chochote unachotaka, na isikae kwako miezi ukisubiri mipango, itoke. Hii nyengine 154,000 ni sadaka, sadaka haina mpaka, ipeleke Bangladesh ipeleke popote.

Na jambo moja watu hulisahau, yatima kwa kuwa yatima tu sio katika wale wanane. Yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, anaweza kuwa ameachiwa nyumba tatu za kupangisha. Anapewa zaka kwa ufukara wake. Mkimbizi wa kambini ambaye haruhusiwi kufanya kazi na hana mali, huyo ufukara wake hauhitaji shahidi, na wapo waliomtia pia kwenye fungu la msafiri aliyekatikiwa njiani.

Kafala nayo ni jambo kubwa sana, Mtume alisema yeye na mwenye kumlea yatima watakuwa hivi peponi akaonyesha vidole viwili. Ila kafala ya Kiislamu mtoto anabaki na jina la baba yake, hamumchukui akawa wenu.

MngujaLeicester

Wa alaykumu salaam dada. Mimi mtu wa Unguja naishi Leicester, nilikwenda Cox's Bazar, huko Bangladesh kwenye kambi za Warohingya, Oktoba 2017 na shirika moja la Kiislamu la hapa Uingereza, nilijitolea wiki tatu kushusha mizigo na kugawa, kwa hivyo nakwambia nilichokiona mwenyewe.

Watu walianza kumiminika tarehe 25 Agosti mwaka ule na ndani ya miezi michache walishavuka zaidi ya laki saba, juu ya wale waliokuwepo tangu zamani. Vilima vya Kutupalong na Balukhali vilikuwa msitu, mimi nimevikuta vimenyolewa, udongo mtupu, juu yake mianzi na plastiki nyeusi mpaka macho yanapoishia. Kitu cha kwanza kilichonishtua ni nguo. Barabara inayotoka Ukhiya kwenda Teknaf kando kando yake kuna marundo ya nguo zimetupwa, zimelowa mvua, gari zinapita juu yake, na zile ni sadaka za watu, watu wa nia njema kabisa walijaza malori wakaja wakazirusha kutoka juu ya gari, watoto wanakanyagana chini, suruali za kiume, makoti, sasa mwanamke mwenye stara yake atavaa nini pale.

Alafu kuna hili la adesi. Siku moja mwenzetu alimkuta mama mmoja mjane kakaa barabarani kapanga vifuko vya adesi anauza, vina nembo yetu. Alikasirika sana, alitaka jina lake litolewe kwenye orodha. Tukamwita mkalimani. Yule mama hata hakutetemeka, alisema mchele ninao, adesi nimepewa na watu watatu tofauti wiki hii, kuni sina, chumvi sina, samaki mkavu sina, wanangu hawawezi kula adesi mbichi. Ndio basi. Tulikuwa tumesafiri maili elfu tano kumletea kitu alichokuwa nacho. Nilikaa chini pale nikaona haya. Baadaye walianza kugawa mitungi ya gesi na maduka ya kadi ambapo mtu anachagua mwenyewe, na hilo limesaidia kuliko mifuko yetu yote.

Kwa hiyo dada swali lako la chakula au kafala mimi nakwambia kitu chochote kinachompa mama wa mtoto nafasi ya kuchagua ndio bora. Wale watu hawaruhusiwi kuajiriwa, hawaruhusiwi kujenga nyumba ya kudumu, wanategemea mgao tu, na mgao wenyewe 2023 ulikatwa kutoka dola 12 kwa mtu kwa mwezi ukawa 10 mwezi wa tatu, alafu 8 mwezi wa sita. Dola 8 piga kwa shilingi zenu, ni kama 35 kwa siku, hiyo ni asubuhi mchana na jioni. Na kabla ya hapo Machi 2021 moto ulipita kambini ukawaacha kama watu 45,000 hawana pa kulala, plastiki na mianzi ikishika haizimiki.

Kuhusu pa kupitishia. Bangladesh shirika la nje haliingii kambini hivi hivi, lazima lipate kibali cha idara ya serikali inayosimamia mashirika, mtu binafsi akikwambia anaingia na mfuko wa pesa anagawa mkononi, muogope. Mashirika ya hapa Uingereza yako kwenye daftari la Charity Commission, idara inayosajili mashirika ya misaada, unaweka jina kwenye tovuti yao unaona namba ya usajili na hesabu zao za kila mwaka, bure, huhitaji kumuuliza mtu. Islamic Relief ilianzia Birmingham 1984 na ina ofisi Nairobi, Muslim Hands ilianzia Nottingham 1993, yapo na mengine. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, nao wana mfuko wa zaka kwa ajili ya wakimbizi tangu 2019 wenye fatwa za mashekhe, na Warohingya wa Bangladesh wamo. Sikwambii yupi mchague, nakwambia piga simu uliza. Uliza zaka wanaiweka akaunti mbali au wanachanganya, uliza wanakata kiasi gani cha uendeshaji maana kukata sio dhambi, hata Quran imewatia wanaoitumikia zaka katika wale wanane, ila wakwambie. Na uliza kafala yao inafika ndani ya kambi kweli au ni yatima wa Kibangladeshi wa vijijini, wote ni yatima lakini nyinyi mmenuia wale.

Ukituma kwa benki weka jina la shirika na mradi vile vile walivyokuandikia, usiongeze maneno yako. Benki za huku zina woga sana na pesa za misaada ya Kiislamu, nimeona mchango wa msikiti umekwama wiki nne kwa sababu ya neno moja kwenye maelezo.

BintiKisauni

Subhanallah hii ya adesi nimeisoma mara tatu. Shukran sana kaka, na shukran ustadhi, hili la kutenganisha mafungu nilikuwa sikulifikiria, zote ziko kwenye bahasha moja.

Niongeze kitu, khaleti yangu yuko Maskati amesema na yeye atawapitishia majirani zake huko achangishe tutie pamoja. Nimwambie aanze?

UmmNasra_Maskati

Mwanangu mwambie asianze kabisa! Oman kuchangisha bila ruhusa ni kosa la sheria, hata iwe kwa jambo la kheri, hata iwe kwa grupu la WhatsApp la watu wa nyumba tano. Huku misaada ya nje inapita kwa Oman Charitable Organization, wana tovuti na sanduku zao. Kama khaleti anataka kutoa atoe mwenyewe kwa njia hiyo, thawabu yake iko pale pale. Namjua mama wa Kizanzibari hapa aliitwa kituoni kwa jambo kama hili, hakuiba hata baisa moja, alikuwa anakusanya za jirani aliyefiwa. Alirudi salama alhamdulillah lakini alivyotetemeka siku ile mimi sitaki kumuona mwengine.

MtotoWaShela

Nimesoma hapa tangu mwanzo nikawa najizuia, lakini kwa kuwa dada ameuliza kafala nitasema.

Mimi nimelelewa na kafala. Baba alifia baharini nikiwa na miaka sita, tulikuwa watatu, mama alikuwa anashona. Kulikuwa na shirika kutoka nje, silitaji, lilituandikisha na mfadhili wangu alikuwa mtu wa Ghuba ambaye sijawahi kumuona. Wallahi ile pesa ndio iliyonisomesha. Ilikuwa ikija kila miezi mitatu, mama akipanga, hii ya shule, hii ya unga, hii ya kulipa deni la duka. Huyo mtu Mungu amjaze kheri popote alipo. Na wazee wetu wanamkumbuka pia marehemu Dk Abdulrahman Al-Sumait, yule daktari wa Kuwait aliyeacha kazi ya hospitali akaja kuishi Afrika kuchimba visima na kulea mayatima, alianza kazi hiyo 1981, akafariki 2013. Kwa hivyo msinielewe vibaya, kafala imejenga watu.

Lakini nitawaambia upande ambao mfadhili haoni. Kulikuwa na siku ya picha. Tunapangwa mstari kwenye uwanja wa madrasa, tuko kama sitini, kuna kanzu mpya nne tu na kofia nne. Unavaa, unashikishwa kibao kimeandikwa namba, unapigwa, unavua unampa wa nyuma. Mimi nilikuwa namba 117. Kanzu ilikuwa inanifika chini kabisa naikanyaga na ilikuwa na jasho la watoto walionitangulia. Mwalimu anasema cheka, mfadhili anataka kuona umefurahi. Alafu barua, tunaandikiwa ubaoni tunakopi wote sawa, nakushukuru mfadhili wangu mimi ninaendelea vizuri na masomo. Mwaka ule dada yangu mdogo alikuwa amefariki kwa malaria na mimi nimeandika ninaendelea vizuri. Nilimuuliza mwalimu naweza kumwambia mfadhili habari za dada yangu akaniambia hakuna nafasi kwenye karatasi.

Na nilipofika kidato cha pili zikakatika. Hatukuambiwa kitu. Mama alikwenda ofisini mara tano akaambiwa mfadhili amesimama. Labda alifariki, labda biashara ilimharibikia, sijui mpaka leo. Ile cherehani iliuzwa. Nilimaliza shule kwa sababu mjomba alinibeba, wenzangu wawili wa mstari ule hawakumaliza.

Sasa dada, hesabu yangu ni hii. Mashirika mengi ya Uingereza kafala ni kama paundi 30 hadi 40 kwa mwezi, tuseme 35, ni kama shilingi 6,000 kwetu. Hiyo 154,000 ya sadaka mkichukua watoto watano inaisha baada ya miezi mitano, na hao watano watakuwa wameshazoea. Mkichukua mmoja inafika miaka miwili na kitu. Na nyinyi mko 42, kila mmoja akitoa 150 kwa mwezi ni 6,300, mtoto mmoja ameshalipiwa. Kwa hivyo mlipieni kwa hiyo ya kila mwezi na hiyo 154,000 muiweke iwe ngao, mwezi ambao kina mama hawana, ichomolewe hapo, mtoto asijue kama kuna siku mlikuwa hamna. Mchukueni mmoja mpaka amalize kusoma. Na muwaambie shirika hamtaki picha wala barua, mnataka taarifa tu kutoka kwa mfanyakazi kuwa mtoto yupo, anasoma, mama yake yuko hai.

Dereva_Makadara

Ndugu yangu wa Shela umeniliza mimi mtu mzima.

Nirudi kwenye maneno yangu ya mwanzo, nilisema kwa sababu 2011 ule mwaka wa njaa Somalia mimi niliendesha lori la tende na unga kutoka Mombasa mpaka Dadaab, michango ya misikiti ya hapa. Watu walikuwa wakifika kwa miguu kutoka huko Bakool na Bay, wengine wamezika watoto njiani. Tende zetu walipokea wakashukuru, lakini wanawake wote walikuwa wanauliza kitu kimoja, dumu. Maji ya bomba yapo pale, chombo cha kuchotea hakuna, mtu anachota kwa kifuniko. Nilikuwa na madumu mawili ya gari, niliyaacha, nikarudi safari nzima na wasiwasi wa injini. Safari ya pili tulibeba madumu matupu lori zima na askari wa kizuizini alidhani tumekwenda kuuza.

Kwa hivyo kama hiyo 60,000 ya zaka mnataka ibaki nchini na mashekhe wameikubali, pigeni simu kwanza kwa watu walioko Ifo au Hagadera, kambi za hapo Dadaab, muulize wanakosa nini. Mimi najitolea kutafuta gari.

BintiKisauni

Nimerudi kama nilivyoahidi, darsa imeisha saa hii.

Nimewasomea yote, ya adesi, ya dumu, ya kanzu. Nilipofika kwenye namba 117 nilishindwa, mwalimu akachukua simu akamalizia yeye. Tumekubaliana hivi. Zaka 60,000 shekhe wetu amesema afadhali ibaki huku, nusu itakwenda kwa wajane wanne wa mtaa huu tunaowajua hali zao, nusu Dadaab, baba wa Makadara nimekutumia ujumbe. Sadaka imeingia akaunti ya kikundi, sahihi tatu, sio yangu peke yangu. Na mtoto ni mmoja. Kuna waliosema serikali ya Bangladesh iliandikisha yatima zaidi ya 36,000 kambini, mmoja si ni tone, yule bibi wa mahamri akawajibu, kwani nyinyi mlizaliwa wangapi kwa mara moja.

Jumatatu ninapiga simu Nairobi na nimeandika maswali ya kaka wa Leicester kwenye daftari. Yule mwenye video nimemuandikia atupe jina la shirika na namba ya usajili, ametoka kwenye grupu.

Mtoto wa Shela, swali la mwisho. Wakituuliza tunataka mtoto wa umri gani, wa kike au wa kiume, tuseme nini?

MtotoWaShela

Semeni yule aliyekaa kwenye orodha muda mrefu kuliko wote. Kwetu wadogo walikuwa wanachukuliwa upesi, waliokuwa wanabaki ni wavulana wa miaka kumi na moja, kumi na mbili.